Nchi Jirani: Mwalimu wa Njoro na Nishani Yake

Ndugu wasikilizaji, makamanda na wapiganaji wa vikosi vyetu vya ulinzi na usalama,

Ninyi mnaijua nishani kuliko wengi wetu. Mnajua kuwa kipande kile cha madini kinachoning'inia kifuani hakina bei kubwa sokoni, lakini askari aliyekipata kwa haki hukitunza maisha yake yote. Mnajua vile vile kuwa nishani ikitolewa kwa upendeleo, gwaride zima hunyong'onyea. Kwa hiyo leo tumeona inafaa tuzungumze nanyi juu ya nishani ya aina nyingine, ile wanayotunukiwa walimu na shule zao. Na mfano wetu tunauchukua kwa jirani zetu wa Kenya.

Mwezi Machi mwaka 2019, mjini Dubai, Mkenya aitwaye Peter Tabichi alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, inayotolewa na Taasisi ya Varkey. Tuzo hiyo ilikuwa ya dola za Kimarekani milioni 1, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Wengi walidhani mtu wa namna hiyo angetoka katika shule yenye maabara za kisasa na majengo ya ghorofa. La hasha! Bwana Tabichi, ambaye ni bradha wa shirika la Wafransisko, alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, katika Bonde la Ufa. Shule ile ilikuwa na kompyuta moja tu. Kwa kila mwalimu mmoja kulikuwa na wanafunzi 58. Karibu theluthi moja ya watoto wale walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja, na wengine walitembea kilometa 7 kufika shuleni.

Je, mwalimu huyu alifanya nini hata akastahili? Kwanza, alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Lakini ukarimu peke yake haukutosha. Yalitazamwa pia matunda ya kazi yake. Mwaka 2017, kati ya watahiniwa 59 wa shule ile, ni 16 tu waliokwenda vyuoni. Mwaka 2018 wakaenda 26. Vijana wake walibuni chombo cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, nao wakang'ara katika mashindano ya sayansi ya taifa lao mwaka 2018. Makosa ya utovu wa nidhamu, yaliyofikia 30 kwa juma, yakashuka hadi 3.

Ndugu wasikilizaji, hapo pana jambo ambalo askari hana budi kulitafakari. Njoro ni sehemu ya Nakuru, na Nakuru ni miongoni mwa mahali palipoguswa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Ghasia zile ziliua watu zaidi ya 1,000 na kuwafukuza makwao malaki. Mwalimu Tabichi aliunda chama cha amani shuleni, ambamo watoto wa makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa chuki walijadiliana, wakacheza na kupanda miti pamoja. Polisi huitwa jiwe likisharushwa. Mwalimu hufanya kazi na mkono kabla haujaliokota. Kila kijana anayeshinda darasani na mwenzake wa kabila jingine humpunguzia askari usiku mmoja wa doria.

Hata hivyo, yafaa tuitazame tuzo kwa macho mawili. Bwana Tabichi hakuwa peke yake. Walimu wenzake wanne walishirikiana naye kuwafundisha wanafunzi dhaifu nje ya vipindi, hata siku za mapumziko. Mwenyewe alipopokea tuzo alisema kuwa heshima ile ni ya vijana wa Afrika, na kwamba wanafunzi wake ndio waliomfikisha pale. Ndivyo ilivyo vitani: nishani huvaliwa na mmoja, lakini nyuma yake wapo dereva, mpishi, mtu wa simu na mganga wa kikosi. Shuleni wapo karani, mpishi wa uji na mlinzi wa usiku. Tuzo isiyowaona hao huacha kinyongo. Yatupasa kumkumbuka Ranjitsinh Disale wa India, mshindi wa mwaka 2020, ambaye nusu ya fedha aliwagawia wenzake 9 waliofika naye fainali.

Tena, nishani si badala ya haki. Askari hapewi nishani ili asiulize posho yake, wala mwalimu asipewe cheti mbele ya kamera ili anyamaze kuhusu nyumba na mshahara. Tarehe 5 Oktoba, ambayo ni Siku ya Walimu Duniani tangu mwaka 1994, iliwekwa kukumbuka mapendekezo ya mwaka 1966 ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu. Nayo yanazungumzia mishahara na ukubwa wa madarasa. Kwanza haki, ndipo sifa.

Basi tuzo njema ni ipi? Kwa maoni yetu, ni ile inayopima mwendo shule iliyosafiri, si mahali ilipoanzia. Maana shule iliyozaliwa tajiri haina ajabu ikiongoza. Ni ile inayowaheshimu pia waliodumu. Majeshini ipo nishani ya ushujaa, na ipo ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Mwalimu aliyekaa miaka 30 katika kijiji kimoja bila kelele anastahili hiyo ya pili. Na ni ile ambayo wanaoichagua hawana ndugu katika orodha.

Ndugu zetu mlioko malindoni na mipakani, wengi wenu mmewaacha watoto mikononi mwa walimu msiowajua hata kwa sura. Mtoto wa askari huhamishwa shule kila baba au mama anapohamishwa kituo, na kila mara kuna mwalimu anayempokea na kuanza naye upya. Taifa lililomwita kiongozi wake wa kwanza Mwalimu halihitaji kufundishwa thamani ya jina hilo. Mtakapopata likizo, piteni shuleni. Simameni mbele ya mwalimu yule, mmpe mkono, mmwambie ahsante. Nishani hiyo haihitaji bajeti wala kamati, na hakuna anayezuiwa kuitoa.