Barua Imefika, Spea Haijafika

(Maneno yaliyosemwa na wafanyakazi wa karakana katika mkutano wa tawi. Yameandikwa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja wa genge la njia aliuliza swali, naye hakujibiwa maana saa zilikuwa zimekwisha. Aliuliza hivi: gari la kazi likijulikana kuwa lina ubovu wa hatari, na ofisi yenyewe ikakubali kwamba ni kweli, lakini spea hakuna, je, mfanyakazi afanye nini katika siku zile za kungoja? Kamati ikatuagiza sisi wa karakana tutafute habari tuje tuzungumze. Basi tumetafuta. Habari tuliyoiona kuwa karibu sana na swali lile inatoka mbali, Marekani, nayo ni habari ya wenye pikapu. Tutaanza na hiyo, kisha turudi nyumbani.

Msidhani kwamba mwenye pikapu kule ni tajiri. Wako matajiri wanaozinunua kwa fahari, lakini wengi ni seremala, fundi wa mabomba, mkulima mwenye ng'ombe wachache, mtu wa kujenga nyumba. Vyombo vyake vyote vya kazi vimo nyuma ya pikapu. Gari likisimama, naye amesimama. Na mara nyingi gari lenyewe bado ni la mkopo, kila mwezi alipe.

Sasa, Marekani wana sheria ya mwaka 1966 juu ya usalama wa magari. Kwa sheria ile kampuni ikigundua ubovu unaoweza kuua watu, haina ruhusa ya kunyamaza. Lazima iiarifu Serikali na iwaandikie barua wenye magari. Mwanzoni ilikuwa barua tu! Mtu aambiwa, gari lako ni bovu, kisha gharama ya kulitengeneza ni juu yake. Mpaka mwaka 1974 ndipo sheria ikabadilishwa, kampuni ikalazimishwa kutengeneza bure. Desturi hiyo ya kuyaita magari yarudi kutengenezwa imekuwapo tangu siku hizo.

Sisi wa reli twaweza kuielewa upesi. Behewa likikaguliwa na kuonekana lina ufa katika gurudumu, hufungiwa kadi, likakatwa kutoka kwa treni na kusukumwa pembeni. Hakuna dereva wa injini anayeambiwa, behewa hili ni bovu lakini livute tu mpaka gurudumu jipya litakapofika. Behewa hungoja pembeni, na hasara ya kungoja ni ya shirika, si ya dereva. Lakini mwenye pikapu yeye ndiye dereva, ndiye mwenye behewa, na ndiye shirika. Akipata ile barua, kadi amefungiwa yeye, na pembeni pa kusukuma gari lake ni uani kwake, na watoto wanataka kula.

Tuwape mfano wenyewe. Mwezi wa Novemba 2013 kampuni ya Chrysler iliziita pikapu zake za Ram kama milioni 1.2. Ubovu ulikuwa katika ile fimbo ya chuma inayounganisha usukani na magurudumu ya mbele, mafundi huiita tairodi. Kichwa cha fimbo hiyo kikiwa hakikukaa sawa, chuma huchoka na kukatika. Mafundi mliomo humu hamhitaji kuelezwa zaidi. Tairodi ikikatika gari liko mwendoni, unazungusha usukani na gurudumu halikusikii.

Barua zikaenda. Watu wakapiga simu kwa mawakala ili waje kutengenezewa, wakajibiwa, spea hatujapata, ngoja, tutakuita. Wakangoja. Mwingine akangoja wiki, mwingine miezi, huku barua iko mezani ikimwambia kwamba usukani waweza kumwacha. Afanye nini? Akiliegesha, kazi imekwenda na mkopo haungoji. Akiliendesha, analiendesha akijua, na likimdondokea mtu mwingine njiani hawezi kusema hakuambiwa.

Hapa ndipo tulipokaa sana sisi tulipokuwa tukizungumza wenyewe kwa wenyewe karakanani. Kabla ya barua, hatari ilikuwa siri ya kampuni. Baada ya barua, hatari ni ya yule aliyeipokea, ingawa hakuna nati hata moja iliyokazwa. Kampuni imekwisha sema, nayo imetua mzigo wake. Hatusemi barua ni mbaya, la. Mtu aambiwe. Lakini kumwambia mtu si kumtengenezea.

Watu wakalalamika kwa Serikali, na malalamiko hayakwenda bure. Tarehe 2 Julai 2015 idara ya usalama wa magari ilifanya baraza la wazi, na mambo yaliyowekwa mezani yalikuwa miito 23 ya kampuni hiyo, iliyohusu magari zaidi ya milioni 11. Mwezi ule ule kampuni ikakiri kwamba ilivunja sheria: haikutengeneza vizuri na kwa wakati, haikuwaarifu ipasavyo wenye magari na mawakala, wala haikuipa Serikali habari zilizotakiwa. Ikapigwa faini ya dola milioni 105, sehemu yake taslimu, sehemu itumike kurekebisha mambo, na sehemu ingoje kuonekana kama itakosa tena. Akawekwa na msimamizi wa nje wa kuichunguza kwa muda wa miaka 3.

Faini ni fedha ya Serikali, haimfikii seremala. Lakini palikuwa na jambo jingine tulilolipenda zaidi. Kampuni iliamriwa kwamba wenye pikapu za Ram zilizokuwa hazijatengenezwa wapewe nafasi ya kuzirudisha walipwe. Amri hiyo ilihusu magari zaidi ya 500,000, ijapokuwa mengi yalikuwa yamekwisha tengenezwa. Malipo yalikuwa bei waliyonunulia, baada ya kutoa kiasi cha uchakavu, na juu yake kuongezwa asilimia 10. Maana yake ni nini? Ni kwamba kuchelewa sasa kuliingia katika hesabu ya kampuni. Siku inapomgharimu anayengojwa, spea huonekana.

Na kumbe sheria yao ilikuwa na neno hilo tangu zamani. Inasema kwamba gari lililopelekwa likikaa siku 60 bila kutengenezwa vizuri, hiyo ni dalili ya kutosha kwamba kampuni imepitisha muda wa haki, na hapo mwenyewe aweza kudai gari jingine au fedha zake. Neno zuri. Lakini mtu mmoja mwenye nyundo na msumeno atasimamaje peke yake na kitabu cha sheria mbele ya kampuni kubwa vile? Neno lile lilikuwa limelala mpaka malalamiko yalipokuwa mengi na Serikali ikaketi. Wanachama wanaotuuliza ada ya chama ni ya nini, walifikirie hilo.

Kuna na kisa cha pili. Magari ya kampuni nyingi yalitiwa mifuko ya hewa ya Takata, ile mifuko inayofumuka mbele ya dereva gari linapogonga. Ndani yake mna dawa ya kulipuka, na dawa ile ikikaa miaka mingi penye joto na unyevu huharibika, hata ikilipuka hupasua kopo lake la chuma na vipande vikamrukia mtu usoni na shingoni. Marekani peke yake watu zaidi ya 25 wamekufa. Magari yalikuwa mamilioni na makopo mapya hayakutosha, hata mwaka 2015 Serikali ikapanga zamu: majimbo ya joto na unyevu kama Florida yatangulie, ya baridi yafuate.

Katika zamu ile zilikuwamo pikapu za Ford Ranger. Mwezi wa Januari 2018, ilipojulikana kwamba dereva wa pili amekufa katika Ranger ya mwaka 2006, Ford iliwaambia watu kama 2,900 wenye gari za kundi lile: msiendeshe kabisa. Mwezi uliofuata wakaongezwa kama 33,000. Lakini safari hii neno halikuishia hapo. Walikuwa tayari kuja kulivuta gari kutoka nyumbani kwa mtu bila malipo, na kumwazima jingine akihitaji. Twasema hapo walikaribia desturi ya behewa. Anayesema usiendeshe, naye atoe cha kuendeshea. Hata hivyo ilikuwa baada ya misiba miwili, na wa kwanza ulikuwa wa Desemba 2015.

Jambo moja dogo lilitushangaza. Tangu mwaka 2016 makampuni makubwa ya kukodisha magari kule yamekatazwa kukodisha gari lililoitwa mpaka litengenezwe. Basi mtalii akifika kwa mapumziko yake amelindwa. Yule fundi aliyetoka asubuhi na pikapu yake mwenyewe, shauri lake.

Sasa turudi nyumbani.

Palikuwa na pikapu moja iliyokuwa ikipeleka genge kazini. Ofisi hatutaitaja, na waliokuwamo wanajijua. Dereva aliona usukani una mchezo, akaandika katika kitabu cha ubovu. Msimamizi akatia sahihi na neno "spea imeagizwa". Wiki ya pili dereva akaandika tena. Wiki ya tano akaandika mara ya tatu, na msimamizi akatia sahihi tena, neno ni lile lile. Nasi karakanani tulikuwa tukiliona gari lile kila asubuhi likitoka na watu tisa na mataruma nyuma, na hatukusema kitu. Hilo twalikiri mbele yenu. Tulisema si gari la idara yetu.

Wiki ya saba mvua ilinyesha, na penye mteremko wa kwenda mtoni gari likaacha barabara. Ndugu mmoja alivunjika mfupa wa bega, wengine michubuko, Mungu alisaidia. Yule dereva kabla hata hajatoka hospitali aliletewa barua ya kujieleza kwa nini asiadhibiwe kwa uzembe. Ndiyo, yeye! Waliosema spea imeagizwa hawakuandikiwa barua. Kilichomwokoa ni kile kitabu, maana katibu wetu alikiweka mezani, kikafunguliwa, sahihi tatu zikaonekana, na barua ikaondolewa. Lakini siku 19 alizokaa nyumbani hajalipwa mpaka leo tunapozungumza.

Mnaona basi kwamba kisa ni kile kile. Ofisi ilikwisha kukiri ubovu, na kukiri kwake kukawa kama ruhusa ya kungoja, na aliyengoja ni dereva akiwa ameshika usukani.

Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali penye hatari ile kabla haijaondolewa. Tena aliyejitoa penye hatari kwa sababu ya haki hafukuzwi wala haadhibiwi. Wengi wetu hatukuijua, na sisi tunaosema hapa tulikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo jibu la swali la ndugu yetu ni hili: aandike, aonyeshe, na asitoe gari. Lakini asiachwe aseme hayo peke yake saa kumi na mbili asubuhi mbele ya msimamizi mwenye haraka, genge zima likimtazama. Genge lote lisipande.

Twaiomba kamati, katika mazungumzo yajayo na ofisi, idai kwamba gari lililoandikwa kuwa na ubovu wa usukani au breki lisitoke mpaka fundi atie sahihi, na kwamba dereva na genge wasikatwe mshahara kwa siku za kungoja. Na neno "imeagizwa" liandikwe pamoja na tarehe na namba ya hati ya kuagizia. Bila tarehe si neno. Ofisi itasema hakuna gari jingine. Basi genge liende kwa kiberenge, au kazi ingoje kama gari linavyongoja.

Kwa ninyi mlionunua pikapu zenu wenyewe zilizotumika Japani, kwa fedha ya ushirika wa akiba, kuna neno. Barua za kuita magari hupelekwa kwa jina lililo katika daftari la nchi ile, na gari likiuzwa nje jina lile hufutwa. Barua haitakufuata Kitale wala Voi. Itakubidi uulize mwenyewe, na kinachoulizwa ni namba ya chasisi, si namba ya usajili wa hapa. Hasa ninyi mlio Mombasa na pwani yote, mjue kwamba mifuko ile ya hewa huharibiwa na joto na unyevu. Leteni namba zenu zimeandikwa vizuri kwenye karatasi, nasi tutasaidiana kuulizia. Jumamosi mchana tupo karakanani.

Na kile kitabu cha ubovu tumekirudisha kwa katibu. Anayetaka kuziona zile sahihi tatu, na amwombe amfungulie.