Tumbo la Mtoto na Simu ya Mkononi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la Kiambere)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara. Twataka kusema habari za tumbo, na wale wanaocheka huko nyuma wangoje kidogo.

Wako vijana wetu wenye ugonjwa wa matumbo usiokwisha. Mtoto huhara kwa majuma, pengine na damu, hukonda, wala hakui wakati wenzake wanarefuka. Sisi wazazi husema ni amiba au taifodi, tukanunua dawa dukani, ukatulia, ukarudi. Madaktari wanayo majina mawili: kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa katika utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na Daktari Burrill Crohn na wenzake huko New York mwaka 1932, nao waweza kushika popote tangu kinywani hata mwisho wa utumbo. Hauambukizi, wala si uchawi. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Ziko za kuutuliza, nazo huendelea kunywewa hata siku ambazo mtoto ajiona mzima. Hapo ndipo kijana anaposhindwa. Huona haya, huficha, huacha vidonge, na akija kutuambia amekwisha kulala chini.

Simu yaweza kusaidia. Huko Denmark watoto wa miaka 10 hadi 17 walipewa programu ya intaneti ya kuandika wenyewe hali ya tumbo wakiwa nyumbani. Habari iliyochapishwa mwaka 2017 yasema walikwenda hospitali mara chache kuliko wenzao, na shule waliikosa siku chache.

Mtu atasema hiyo ni Ulaya. Haya, tuje kwetu. Kati ya 2007 na 2009 walijaribiwa wagonjwa 538 wa ukimwi, wa Nairobi na Kajiado. Karibu nusu yao walipelekewa kila juma ujumbe wa neno moja: “Mambo?” Mgonjwa alijibu “Sawa” au “Shida” katika siku mbili, mwenye shida, na aliyenyamaza pia, muuguzi alimpigia simu. Waliopata ujumbe, 62 kwa mia walinywa dawa sawasawa. Wasioupata, 50 kwa mia. Wala haikutaka simu ya bei kubwa. Ugonjwa ni mwingine, lakini kusahau vidonge ni kule kule, na neno “Shida” halimwaibishi mtoto mbele ya wenzake.

Sasa taabu yetu. Shule za bweni hukataza simu. Mmoja wetu alikwenda kwenye shule moja, hatuitaji, kumwombea binti yake, akajibiwa kuwa simu ni simu. Hatutaki mtoto alale na simu. Twataka ikae kwa matroni, na mtoto aende chooni bila kuomba ruhusa mbele ya darasa.

Tena simu haipimi damu. Lazima mzazi ampeleke mtoto Embu, na siku hiyo hukatwa mshahara. Bwawa letu latoa umeme tangu 1988, usiku na mchana. Siku chache za ruhusa yenye malipo hazitalizima. Jambo hili tumeliandika katika madai ya tawi.

Wenye watoto wa namna hii wamwone katibu baada ya mkutano. Majina hayatasomwa mbele ya watu.