Ziwa Moja, Daftari la Kila Mwalo: Vipaumbele Vyetu Katika Miradi ya Pamoja

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao kazi cha Watendaji wa Kata na Vijiji na viongozi wa BMU.



Kila tufikapo visiwani wananchi hutuuliza: “Miradi ya ziwa tunaisikia redioni, mbona hapa haijafika?” Swali hilo ni la haki, nasi tunawajibika kulijibu.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Takribani nusu yake iko Tanzania, sehemu iliyobaki ni ya Uganda na Kenya, na Mto Kagera unaziunganisha Rwanda na Burundi na bonde hili. Ndiyo maana mwaka 2003 nchi za Afrika Mashariki zilisaini itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde, na leo Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, huratibu miradi ya pamoja.

Fedha za miradi hiyo zina kipimo chake: je, tatizo linashinda uwezo wa nchi moja? Mtakumbuka gugumaji la miaka ya 1990. Kuling’oa upande mmoja ilikuwa kazi bure, kwa kuwa upepo ulilirudisha. Ilibidi nchi zote tatu zizalishe na kuachia mbawakavu wanaolila. Kwa upande mwingine, choo cha shule ni wajibu wa bajeti yetu wenyewe. Tusikiache kikisubiri mfadhili.

Kwa kipimo hicho, napendekeza usalama wa wasafiri na wavuvi uwe kipaumbele cha kwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Wavuvi walikimbilia kuokoa kwa mitumbwi yao. Giza lilipoingia, uokoaji ulisitishwa hadi kulipokucha. Tulijifunza kwamba saa za kwanza huwa mikononi mwa jirani aliye karibu.

Tanzania na Uganda, kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, zina mradi wa mawasiliano na uchukuzi ziwani unaoipa Mwanza jukumu la kuratibu utafutaji na uokoaji. Hata hivyo, kituo cha mjini kitamfaa mvuvi wa kisiwa cha mbali iwapo tu simu yake inashika, boti ya karibu ina mafuta, na yeye mwenyewe anajua ampigie nani. Hayo ndiyo tuyaombee fedha kabla ya majengo mengine.

Kipaumbele cha pili kiwe maji safi na udhibiti wa majitaka, kwani uchafu wa mwalo mmoja huwa maji ya kunywa ya mwingine. Nansio, Sengerema na Geita ziliwahi kuingizwa katika mpango wa pamoja wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo udogo wa mji si kizuizi. Cha tatu ni matengenezo: kila andiko la mradi lioneshe ni nani atakayenunua kipuri mfadhili akishaondoka.

Ndugu zangu, hakuna andiko litakalosimama bila takwimu za mwalo. Ni mitumbwi mingapi huondoka kwa siku? Ni abiria wangapi hawana jaketi okozi? Dhoruba ya mwisho ilipiga lini, na nani aliokolewa? Mengi ya haya yamo vichwani mwetu, hayamo vitabuni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tujue kwamba shida bila daftari haipati fedha.

Naomba kila mwalo ufungue daftari hilo sasa, na nakala ifike ofisi ya mipango kabla ya vikao vya bajeti. Hapo ndipo tutakapoweza kumjibu mwananchi wa kisiwani bila kuinamisha uso.