MNYAMA WA KUFUGWA SI NYARA

(Darsa iliyotolewa baada ya swala ya Isha, Nambambo, Nachingwea, kuelekea mwezi wa Dhulhija)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyewaumba wanyama na akatutiishia sisi wanadamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na wote waliofuata uongofu wake mpaka siku ya malipo. Ama baad.



Kilichotusukuma kuzungumzia maudhui haya ni swali la vijana wetu. Walituletea katika simu picha ya mwanamke mwenye bunduki, yuko nyuma ya mbuzi dume aliyekufa, naye anatabasamu. Wakauliza: "Ustadhi, Uislamu unasemaje juu ya jambo hili?" Tuliahidi kulijibu mbele ya jamaa wote, kwa sababu jibu lake halimhusu mwanamke yule peke yake. Linahusu pia jambo lililotokea hapa kwetu siku ya Idd iliyopita, ambalo sisi tunaowahutubia tuna sehemu yetu ndani yake.

Mzozo wa Islay

Picha ile ni ya mwaka 2018. Larysa Switlyk, Mmarekani mwendeshaji wa kipindi cha uwindaji katika televisheni, alikwenda kuwinda katika kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskochi. Mwezi Oktoba mwaka huo alizitangaza picha za safari ile, miongoni mwao za mbuzi na za kondoo dume waliouawa. Ghadhabu ikawa kubwa, hata Nicola Sturgeon, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Uskochi wakati huo, akasema kwamba anaelewa kwa nini watu wameumia, na kwamba serikali yake itaiangalia upya sheria. Kwani sheria yenyewe haikukataza. Mbuzi wa kisiwa kile asili yao ni mbuzi wa kufugwa walioingia porini na kuzaliana huko, na waliomtetea walisema kwamba idadi yao ni lazima ipunguzwe.

Ndugu zetu, dunia imezoea kulumbana juu ya simba na tembo. Mwaka 2015 aliuawa simba aitwaye Cecil huko Zimbabwe, na mwindaji, naye Mmarekani, akalaaniwa kila pembe. Katika nchi yetu uwindaji ulifungwa mwaka 1973 na ukafunguliwa tena mwaka 1978, ilhali jirani zetu wa Kenya waliupiga marufuku mwaka 1977 mpaka leo. Sisi wa Nachingwea si wageni wa habari hizi. Pori kubwa lililo upande wa Liwale lilipewa jina la mwindaji wa Kiingereza, Frederick Selous, aliyeuawa vitani mwaka 1917, na ingawa sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, katika sehemu iliyobaki watalii wanaendelea kuwinda kwa kulipa ada. Wanaoutetea uwindaji huo husema ada hizo ndizo zinazolilinda pori. Wanaoupinga husema roho haiuzwi kwa ajili ya starehe.

Wala tusiwanyooshee kidole Wamarekani tu. Kitalu cha Loliondo, kilichozusha malalamiko makubwa ya wafugaji wa Kimasai, kilitolewa mwaka 1992 kwa kampuni ya kutoka Falme za Kiarabu. Waliokuja kuwinda kule walikuwa ndugu zetu wa kibla kimoja.

Lakini mzozo wa Islay una jambo la peke yake. Aliyeuawa ni mbuzi na kondoo, wanyama ambao kila mmoja wetu amewalisha kwa mkono wake. Na wanyama hawa wana hukumu yao katika fiqhi, nayo ni lazima tuifahamu.

Hukumu ya mnyama aliyeasi

Asili ya jambo hili ni hadithi ya Rafi' bin Khadij (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), ngamia mmoja akakimbia, na farasi wa kumfukuzia walikuwa wachache. Mtu mmoja akamrushia mshale, akasimama. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba wanyama hawa wa kufugwa nao huingiwa na ukali kama wa wanyama wa mwituni, na kwamba yule atakayewashinda wafanyiwe vivyo hivyo.

Kutokana na hadithi hii wanazuoni wengi, na miongoni mwao Imamu Shafi, wamesema kwamba mnyama wa kufugwa aliyeasi, asiyeweza kushikwa, huchukua hukumu ya mnyama wa kuwindwa. Akichomwa kwa kitu chenye makali, kwa jina la Mwenyezi Mungu, mahali popote katika mwili wake, akafa, ni halali kuliwa. Imamu Malik aliona kwamba hana budi kuchinjwa kama alivyokuwa kabla ya kuasi. Ama mnyama aliyemo mikononi mwetu, aliyefungwa au anayeweza kushikwa, wote wamekubaliana kwamba halali yake ni kuchinjwa kooni. Akiuawa kwa risasi, mkuki au panga, huyo ni nyamafu, hata kama aliyemuua ni Muislamu na hata kama alitaja jina la Allah.

Basi mbuzi wa Islay aliyezaliwa porini ana hukumu ya windo. Kondoo wa zizini hawindwi kabisa. Hapo sheria ya Mwenyezi Mungu imeangalia hali ya mnyama: je, amekushinda, au yumo katika dhamana yako?

Nia ya mwenye kuua

Baada ya hali ya mnyama, hutazamwa nia ya mwenye kuua. Qur'ani katika Surat al-Maida imehalalisha mawindo, kwa hiyo hatusemi kwamba kuwinda ni haramu. Lakini uhalali huo umefungamana na haja: kula, au kujikinga na madhara. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakishindana kumlenga, na kila mshale uliokosa ukawa mali ya mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha.

Tuizingatie habari hii. Mwenye ndege alikuwa ameridhika, na malipo alikuwa akiyapata. Hata hivyo ridhaa ya mwenye mali na malipo ya wachezaji havikuihalalisha dhulma ile. Mwenye kusema leo kwamba ada imelipwa na kibali kimetolewa amejibu swali la serikali tu, bado hajajibu swali la Mola wake.

Ipo hadithi nyingine iliyo karibu zaidi na maudhui yetu. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuliwa kwa wanyama wa mu'aqara. Hayo yalikuwa mashindano ya mabedui: huyu anakata miguu ya ngamia wake kadhaa, na yule anakata ya wake zaidi, ili ijulikane nani mkarimu, mpaka mmoja ashindwe. Katika zama za Sayyidna Ali (R.A.), Ghalib, baba yake mshairi Farazdaq, alishindana hivyo na Suhaym bin Wathil, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliwazuia watu wasiile nyama ile, ingawa ilikuwa nyingi na masikini walikuwa wanaitaka. Ngamia wale walikuwa mali yao wenyewe, na ngamia ni halali. Kilichoharibu ni fahari.

Neno letu la Kiswahili linatufunza vilevile. Pembe, ngozi na vichwa vya wanyamapori twaviita nyara, na nyara asili yake ni mali iliyotekwa vitani. Sasa mbuzi amepigana vita gani na mwanadamu? Kondoo ametekwa katika uwanja upi? Mwenye kumkanyaga mnyama aliyekufa na kupiga picha anadai ushindi juu ya kiumbe ambacho Mwenyezi Mungu alikwisha mtiishia kabla hajazaliwa.

Yaliyotokea kwetu

Ndugu zetu, hapa ndipo tulipotaka kufika. Asubuhi ya Idd iliyopita ng'ombe mmoja wa udhhiya, aliyenunuliwa na nyumba saba kwa kuchangiana, alikata kamba akakimbilia kwenye mikorosho. Vijana wakamfuata kwa mapanga, fimbo na simu, na watoto wa madrasa nyuma yao. Sisi nasi tukafuata. Tulipofika, ng'ombe alikuwa amesimama kati ya mikorosho miwili, amechoka, anahema, na kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Watu wazima wawili wangeweza kuikamata kamba ile. Badala yake kijana mmoja akamjia kwa nyuma, akamkata kano za miguu. Akaanguka. Zikapigwa kelele za furaha. Mmoja akaweka mguu juu ya pembe, na wenzake wakapiga picha.

Tulimchinja akiwa bado hai, uhai wake umethibiti, na jina la Allah tukalitaja. Kisha vijana wakasema: "Ustadhi, simama hapa." Tukasimama. Katika picha ile tumo, kisu mkononi, na tunatabasamu.

Mzee mmoja akatusogelea akauliza kwa sauti ndogo kama nyama ile ni halali. Tukamjibu kwa neno moja: halali. Watu walikuwa wakingoja mgao, nasi hatukutaka kuiharibu siku.

Leo tunalitengeneza jibu lile mbele yenu, kwani kosa la mwalimu lililofanywa hadharani hurekebishwa hadharani.

Kwanza, nyama ilikuwa halali, kwa sababu ng'ombe aliwahiwa kuchinjwa akiwa hai. Waliokula hawana dhambi. Lakini lau angekufa kwa yale mapanga, angekuwa nyamafu. Yule hakuwa kama ngamia wa Rafi', kwa kuwa hakuwa amewashinda watu.

Pili, kumkata miguu kulikuwa dhulma, na kila aliyeshangilia ana fungu lake. Sisi tuliokuwa na elimu na tukanyamaza fungu letu ni kubwa zaidi, na tunamuomba Allah msamaha.

Tatu, na hili hatukulisema kabisa: mnyama wa udhhiya hutakiwa awe amesalimika na kilema mpaka achinjwe. Katika kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafi, hata aliyevunjika mguu akipapatika wakati wa kulazwa hatoshi kwa udhhiya, seuze aliyekatwa kwa makusudi. Nyumba zile saba zilikuwa na haki ya kuambiwa hivyo siku ileile. Kwa kuwa udhhiya ni sunna iliyotiliwa mkazo, hazidaiwi kuchinja tena, isipokuwa aliyeweka nadhiri. Sadaka ya nyama yao iko kwa Mola wao, naye ni mwingi wa ukarimu. Tumekwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza, na wametusamehe. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Tunayousiana

Idd inakuja. Tuwafunge wanyama kwa kamba madhubuti tangu usiku, tuwape maji, tusinoe visu mbele ya macho yao, wala tusimchinje mmoja mwenzake akitazama. Shaddad bin Aus (R.A.) amepokea kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, kwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Akitoroka, wamfuate watu wazima wachache kwa utulivu, na watoto wabaki nyuma. Akishindikana kweli, hapo ndipo ruhusa ya hadithi ya Rafi' inapoingia, si kabla.

Simu ziwekwe mifukoni. Surat al-Hajj imetufahamisha kwamba nyama na damu za wanyama hawa hazimfikii Allah, bali humfikia uchamungu wetu. Basi picha ya ng'ombe aliyekanyagwa inamfikia nani? Na mwenye uwezo wa kuchinja watatu asitangaze hesabu yake ili jirani aliyechinja mbuzi mmoja aone haya. Hiyo ni mu'aqara iliyobadilishwa nguo.

Wazazi wawakataze watoto kuwapiga ndege kwa manati na kuwahesabu kisha kuwatupa. Mkulima anayeharibiwa shamba na nguruwe pori au nyani ana haki ya kujikinga, na anayevamiwa na tembo awaite askari wa wanyamapori. Lakini atakayelazimika kuua aue kwa haraka, kwa haja, bila sherehe. Na mbwa koko wa mitaani asifanywe mchezo wa mawe.

Vijana wetu, swali lenu tumelijibu. Yule mwanamke wa Islay hakusoma hadithi ya Ibn Umar, na sisi tumeisoma. Siku ya hesabu, asiyejua na aliyejua hawataulizwa sawa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atakabali udhhiya zetu, alainishe nyoyo zetu kwa viumbe vyake, atuepushe na fahari katika ibada, na atupe ujasiri wa kurudi katika haki pindi tunapokosea.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.