Wajibu wa Karani kwa Wazee na Wasiojiweza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati ya Chama chetu imetutaka tuseme machache juu ya jambo lipitalo mikononi mwetu mara kwa mara, nalo ni malipo ya Serikali kwa wazee na kwa watu wenye ulemavu, yaitwayo Inua Jamii. Twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukuja kuwafundisha kazi waliotutangulia, wala kuilaumu afisi ya mtu. Twataka tu tutazame pamoja kalamu zetu zinafanya nini.

Kwanza yafaa tukumbuke asili ya fedha hizi. Katika mwaka wa fedha 2006/2007 Serikali ya Kenya ilianza, kwa njia ya kujaribu, kuwapa fedha wazee wachache waliokuwa maskini sana. Mwaka 2011 ukafuata mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa, wale wasioweza kujihudumia pasipo mtu wa kuwatunza siku zote. Kisha mwaka 2018 mlango ukapanuliwa: mzee aliyetimiza miaka 70, asiyepokea pensheni nyingine, aliweza kuingia pasipo kupimwa kiasi cha umaskini wake. Kiwango kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo zilikusudiwa kulipwa za miezi miwili pamoja. Jirani zetu wa Unguja na Pemba walikuwa wametangulia, kwa kuwa Serikali ya Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi.

Wako wasemao kwamba fedha hizi ni sadaka. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, tena yaiamuru Serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 54 chanena juu ya watu wenye ulemavu, na cha 57 juu ya wazee. Basi hili ni deni, na wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Mwenye kudai deni lake hapaswi kuinama mbele ya meza ya karani.

Lakini baina ya deni na mwenye kulidai pana karatasi, na hapo ndipo shida inapoanza. Fikirini habari ya umri. Mzee aliyetimiza miaka 70 mwaka 2018 alizaliwa mwaka 1948. Siku zile kuandikisha vizazi vya Waafrika hakukuwa lazima. Amri hiyo ilianza kuenea wilaya kwa wilaya tangu mwaka 1963, ikafika nchi nzima mwaka 1971. Kwa hiyo wazee wengi hawakupata kamwe cheti cha kuzaliwa. Walipokwenda kuchukua kitambulisho, karani aliwatazama nyuso, akauliza neno moja au mawili, akaandika mwaka alioudhania. Karani yule alikuwa mwenzetu, na pengine foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Hakujua ya kuwa mwaka alioandika kwa dakika moja ungekuja kumpa mtu chakula, au kumnyima, miaka mingi baadaye.

Twamjua mama mmoja mjane ambaye, kwa kitambulisho chake, ni mdogo kwa miaka sita kuliko ndugu yake wa kiume aliyemfuata kuzaliwa. Kijiji kizima chajua kwamba ndiye aliyembeba mgongoni ndugu huyo. Ndugu aliandikwa akalipwa. Dada akaambiwa arudi atakapotimiza umri. Karani aliyemjibu hakusema uongo, maana alisoma kilichoandikwa. Hata hivyo mama yule alikosa haki yake, wala hakuambiwa njia ya kuitafuta.

Shida hii si yetu peke yetu. Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1908, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909 kwa watu wa miaka 70. Huko Ireland, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza wakati huo, uandikishaji wa vizazi vya watu wote ulikuwa umeanza mwaka 1864 tu. Basi wazee wale nao hawakuwa na vyeti. Ilifanywaje? Majina yalitafutwa katika vitabu vya hesabu ya watu vya mwaka 1841 na 1851. Tena walisikilizwa wazee waliokumbuka dhoruba kubwa ya usiku wa tarehe 6 Januari 1839, na kumbukumbu hiyo ikapokewa kuwa dalili ya umri. Hapana shaka wako waliodanganya. Lakini wengi waliostahili hawakufukuzwa kwa sababu ya kukosa karatasi ambayo hawakupewa tangu mwanzo.

Nasi tunazo dhoruba zetu. Mzee asiyeijua tarehe yake aweza kujua kama alikuwa amezaliwa Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, au kama alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi ilipotangazwa Hali ya Hatari, mwezi wa Oktoba 1952. Alijua rika lake, na nani alizaliwa kabla yake. Misheni zina vitabu vya ubatizo, shule za zamani zina orodha, na daktari wa Serikali aweza kukadiria umri. Mambo haya yakikusanywa, ombi la kusahihisha mwaka laweza kupelekwa kwa wasajili wa watu. Lakini ni nani ayakusanye? Je, ni mama mkongwe asiyejua kusoma, au ni karani aijuaye milango yote?

Tazameni pia habari ya safari. Tuseme nauli ya matatu ni shilingi 200 kwenda na 200 kurudi. Kipofu, au mtu asiyeweza kutembea, hana budi kuja na msaidizi. Basi siku moja imekula shilingi 800. Akiambiwa mara mbili arudi kesho, jumla ya safari tatu ni shilingi 2,400. Fedha za mwezi mzima zimekwisha na kuzidi kabla hajazipata, kwa sababu tu neno “njoo kesho” ni jepesi kulitamka. Tena mwenye ulemavu hana budi kupimwa hospitalini na kuandikwa, na kila hatua ina safari yake. Na pale mashine inapotaka alama za vidole, wako wazee ambao jembe limezifuta alama zao. Mtu yu hai mbele ya macho yetu, na mashine yasema simjui.

Yamkini mtu atauliza: tukilegeza, je, wadanganyifu hawataingia? Swali hili ni la haki. Majina ya marehemu huweza kubaki katika orodha, na watu wenye afya huweza kujipenyeza. Karani mwaminifu hana budi kulinda mali ya umma. Lakini makosa ni ya namna mbili: kumlipa asiyestahili, na kumnyima astahiliye. Kosa la kwanza huonekana na mkaguzi wa hesabu. La pili huenda lisionekane na mtu, kwa maana aliyenyimwa hurudi kwake kimya, na siku moja huzikwa. Kwa hiyo kosa hili la pili lataka bidii yetu zaidi.

Twaomba basi mkutano uyafikiri mambo manne.

Kwanza, mtu asirudishwe pasipo kupewa kwa maandishi orodha kamili ya kila kitu kinachotakiwa, ili safari yake ya pili iwe ya mwisho.

Pili, akikataliwa, apewe sababu iliyoandikwa. Hiyo si fadhila yetu. Kifungu cha 47 cha Katiba chatoa haki hiyo kwa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa afisi.

Tatu, kwa ruhusa ya wakubwa wetu, tuende kwa wasioweza kuja. Chifu na naibu wake wawajua walio vitandani. Siku moja kwa mwezi barazani kwake yatosha kuanza.

Nne, mwanachama asipokee kuku, wala shilingi ya chai, kwa kujaza fomu ya mzee. Anayejua kusoma na akamtoza asiyejua amefanya biashara ya elimu aliyosaidiwa kuipata.

Bwana Mwenyekiti, watu waliotimiza miaka 70 baada ya uandikishaji wa mwaka 2017 walingoja miaka kadhaa kabla ya kuandikwa wengine. Wako waliofariki wakingoja. Hatuna uwezo wa kuongeza bajeti, wala wa kufungua orodha iliyofungwa. Lakini siku orodha inapofunguliwa, twaweza kuhakikisha kwamba karatasi za wazee wa kwetu ziko tayari, zimesahihishwa, na kwamba hapana aliyeachwa nje kwa kosa la kalamu. Kazi hiyo ni yetu, na haihitaji ruhusa ya mtu kuianza.