Chupa Itaje Chanzo Chake: Hotuba ya Mgeni Rasmi kwa Wazalishaji wa Maji ya Chupa, Kibaha

 

Nawashukuru kwa kunipa heshima ya kuwa mgeni rasmi. Mmezoea kualika wenye vyeo, ambao wakimaliza kusema huacha maagizo. Mimi ni mstaafu wa maabara na sina wa kumwagiza, hata nyumbani kwangu. Nitaacha maombi matatu tu.

Risala yenu nimeisikiliza kwa makini. Mmelalamika kwamba picha moja ya chupa yenye uchafu ikishazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mauzo yanaporomoka wiki hiyohiyo, hata ya kiwanda kisichohusika. Mkaomba wananchi waelimishwe ili waache kuamini uvumi. Kero hiyo naielewa. Ila tiba mliyoipendekeza inamtazama mnywaji, na mimi naona kasoro iko kwenye chupa. Nimesoma lebo za chupa zilizopangwa hapa meza kuu. Nimekuta jina la kiwanda, sanduku la posta, na mlima wenye theluji. Mlima huo hauko Kibaha. Maji yametoka wapi, kisima gani, bomba gani, sikuona. Siku za kawaida hakuna anayeuliza. Siku ya ajali, hilo ndilo swali la kwanza, na chupa isipojibu, tuhuma ya mmoja inakuwa ya wote.

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, treni ya mizigo ya kampuni ya Norfolk Southern iliacha reli katika mji mdogo wa East Palestine, jimbo la Ohio, Marekani. Mabehewa 38 yalianguka. Matano kati yake yalikuwa na vinili kloraidi, kemikali inayotengenezea plastiki ya PVC, ileile ya mabomba yetu ya majumbani. Siku tatu baadaye, wasimamizi wa uokoaji, kwa kuhofia mlipuko, waliyatoboa matangi hayo na kuichoma kemikali kwa makusudi. Mwaka 2024 bodi ya uchunguzi wa ajali za usafiri ya nchi hiyo ikahitimisha kwamba uchomaji ule haukuwa wa lazima. Wakati huo samaki na viumbe wengine wa vijitoni walikuwa wameshakufa kwa maelfu, na wananchi walikuwa wameshaona moshi mweusi juu ya paa zao.

Sasa sikilizeni lililotuhusu sisi wa maji ya chupa. Kiasi cha kilomita 40 kutoka hapo, katika mji wa Salineville, kuna kiwanda kinachojaza maji ya chemchemi. Wiki hizohizo, maduka ya Giant Eagle yaliyaondoa maji hayo kwenye rafu. Duka lenyewe lilieleza kwamba chemchemi iko juu kuliko eneo la ajali na haiko karibu na maji ya ardhini ya East Palestine. Likayaondoa hata hivyo, kwa tahadhari.

Wapo watakaosema duka lilichochea hofu. Mimi nasema lilifanya jambo ambalo muuza duka wetu hawezi kulifanya. Lilijua maji yapi yametoka Salineville, likayaondoa hayo. Ya vyanzo vingine yakabaki pale pale yakiuzwa. Jiulizeni: lori la kemikali likipinduka leo karibu na kisima cha mmoja wenu, muuza duka wa Maili Moja, hapa Kibaha, atajua aondoe katoni zipi? Hatajua. Na mteja wake hatajua. Aliyechimba kisima kilomita 30 kutoka kwenye ajali atapata hasara sawasawa na aliye jirani nayo, kwa kuwa lebo zote zina mlima uleule.

Ndugu Mwenyekiti, kutaja chanzo hakutoshi kama msimulizi anabadili maneno. Mwaka 1990 maji ya Perrier ya Ufaransa yalikuwa na sifa ya usafi kiasi kwamba maabara moja ya serikali ya mtaa huko North Carolina iliyatumia kama maji ya kulinganishia. Mafundi wakashangaa kukuta benzini ndani yake, kati ya sehemu 12 na 20 kwa kila sehemu bilioni, wakati kikomo cha Marekani ni sehemu 5. Maofisa wa afya walisema kiasi hicho hakina hatari ya papo kwa papo. Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa hasara ya msimu mmoja.

Kampuni ilianza kwa kusema tatizo ni la chupa zilizopelekwa Amerika ya Kaskazini peke yake, kwamba kuna mfanyakazi aliyesafishia mtambo kwa kimiminika kisicho sahihi. Haikupita wiki, benzini ikaonekana kwenye chupa za Uholanzi na Denmark. Maelezo yakageuka: chujio za mkaa zinazosafisha gesi ya maji hayo hazikubadilishwa kwa wakati. Chupa milioni 160 zikaondolewa duniani kote. Tena watu wakagundua jambo ambalo hawakuwahi kulifikiria, kwamba gesi ile iliyonadiwa kuwa ya asili huvunwa kando, husafishwa, kisha hurudishwa kwenye maji. Mwaka 1992 kampuni ikanunuliwa na Nestlé. Na mwaka 2024 jina hilohilo likarudi magazetini, baada ya Nestlé kukiri kwamba ilitumia mionzi ya urujuanimno na chujio za mkaa kwenye maji yaliyouzwa kama maji ya asili ya madini, jambo ambalo sheria za Ulaya zinalikataza. Hapakuwa na ushahidi wa watu kuugua. Kilichoumia ni neno la muuzaji.

Wanywaji wangeweza kusamehe chujio chakavu. Kilichowasumbua ni kusimuliwa habari moja kwa namna mbili. Benzini haikuongezeka kati ya maelezo ya kwanza na ya pili, lakini imani ilipungua.

Naona kwenye ratiba kwamba nikimaliza hotuba nitakabidhiwa chupa, nitaifungua na kunywa mbele ya kamera. Nitakunywa, kwa sababu joto la Kibaha mnalijua. Ila tusidanganyane kwamba nitakuwa nimethibitisha chochote. Mwezi Novemba 2005, kiwanda cha kemikali kililipuka Jilin, China, na takriban tani 100 za benzini na jamaa zake zikaingia Mto Songhua. Mji wa Harbin, wenye mamilioni ya watu, ukatangaza kufunga maji kwa siku nne kwa sababu ya matengenezo ya mabomba. Wananchi hawakuamini. Walivamia maduka na kumaliza maji ya chupa, na uvumi wa tetemeko la ardhi ukaenea. Ndipo tangazo la pili likakiri habari ya sumu. Maji yaliporudi, gavana wa mkoa alikunywa glasi ya kwanza mbele ya wapiga picha. Mwaka 2011 gavana wa Tokyo alikunywa maji ya bomba. Mwaka 2023 gavana wa Ohio na mkuu wa mamlaka ya mazingira ya Marekani nao wakagonganisha glasi East Palestine.

Mafundi wa maabara mliopo hapa mnajua udhaifu wa tendo hilo. Benzini husababisha kansa ya damu, lakini haifanyi kazi yake kwa funda moja. Kikomo chake kwenye maji huwekwa kwa kumfikiria mtu atakayeyanywa kila siku maisha yake yote. Kiongozi anayekunywa glasi moja anaonyesha ujasiri, na mwananchi hakuomba ujasiri. Aliomba namba.

Namba nazo zina masharti. Januari 2014, tangi lilivuja kwenye Mto Elk huko West Virginia, na watu wapatao 300,000 wakazuiwa kutumia maji ya bomba. Kemikali iliyovuja ilikuwa ya kusafishia makaa ya mawe, na haikuwa na kikomo rasmi katika maji ya kunywa, basi wataalamu wakakikokotoa kwa haraka. Katazo likaanza kuondolewa. Siku mbili baadaye wajawazito wakashauriwa waendelee na maji ya chupa. Mama mwenye mimba aliyekwisha kunywa angefikiri nini? Kwa hiyo kiwanda kikisema maji yake yamefaulu vipimo, swali la haki ni hili: vipimo vya nini? Kipimo cha bakteria wa kinyesi hakiioni benzini. Kipimo cha chumvi hakiioni vinili kloraidi. Maji yanaweza kufaulu vyote viwili huku yamebeba kile hasa kilichomwagika.

Tokyo, kabla ya gavana kushika glasi, walikuwa wamefanya jambo la maana zaidi. Tarehe 23 Machi 2011, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, mji ulitangaza kwamba maji ya mtambo wa Kanamachi yamekutwa na iodini ya mionzi ya bekereli 210 kwa kilo. Ukataja kikomo cha watoto wachanga kuwa 100 na cha watu wengine kuwa 300. Ukasema nani asinywe na nani anaweza. Chupa 240,000 zikagawiwa kwa ajili ya watoto wachanga wapatao 80,000, tatu kwa kila mmoja. Kesho yake kipimo kikashuka hadi 79, nacho kikatangazwa. Hofu haikukosekana, na rafu za maduka zilibaki tupu. Lakini mzazi alikuwa na namba mbili za kulinganisha, na hakuhitaji kumwomba mtu yeyote amwamini.

Mtasema hayo ni ya mbali. Hapo nje inapita Barabara ya Morogoro. Malori yanayopeleka mafuta na kemikali Zambia na Kongo yanavuka Mto Ruvu, mto huohuo unaonywesha Dar es Salaam na sehemu za Pwani. Huko yanakokwenda, tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba lilipasuka Chambishi, Zambia, maji yenye asidi yakaingia kwenye mkondo unaomwaga maji katika Mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Siku kama hiyo ikifika kwetu, watu watawakimbilia ninyi. Mtakuwa na bidhaa ambayo kila mtu anaitaka, na kila mtu atakuwa anaitilia shaka.

Nafika kwenye maombi yangu.

La kwanza: chupa itaje chanzo. Kisima kipi, kata ipi, au bomba la mamlaka ipi. Namba ya toleo ichapwe kwa wino usiofutika kwa jasho la mkono. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji yaliyofungashwa, EAS 153, mnakifahamu kuliko mimi. Kufanya zaidi ya kiwango hakuna faini.

La pili: pimeni sasa, kabla ya balaa, na mpime pia kemikali zinazopita barabarani na zinazohifadhiwa na viwanda jirani. Matokeo yabandikwe getini na yawekwe mtandaoni, mazuri na mabaya, pamoja na jina la maabara iliyopima. Asiye na rekodi ya jana hawezi kuthibitisha kwamba ajali ya leo haikumgusa. Gharama ni kubwa kwa kiwanda kidogo, najua. Changieni sampuli kwa pamoja, kama mnavyochangia matangazo ya biashara. Ndugu zetu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tangu 2019 mmebeba pia usalama wa chakula, wasaidieni kwa kuyatangaza na yale mnayoyapima ninyi.

La tatu: ajali ikitokea, semeni siku hiyohiyo mnachokijua, na msitaje sababu mpaka muwe na hakika nayo. "Tumesimamisha uzalishaji, matoleo haya yarudishwe, majibu ya maabara yatatoka Alhamisi" ni tangazo kamili. Alhamisi ikifika, majibu yatoke, hata kama ni mabaya.

Baada ya kusema hayo, na kwa kuwa wajumbe wana ajenda ya lebo mchana huu, natamka rasmi kwamba mkutano wenu umefunguliwa.