Mgeni Aliyejipa Kiti

Leo tunanena juu ya jambo dogo ambalo limewasumbua wengi hapa Shauri Moyo: kuiunganisha kompyuta na mtandao kwa adapta ya Wi-Fi.

Sote twajua uzito wake. Kijana amalizapo kidato cha nne, nafasi ya chuo huombwa mtandaoni kwa KUCCPS, na mkopo wa masomo huombwa mtandaoni kwa HELB. Siku ya mwisho haimngoji mtu. Tuseme mama auzaye soko la Burma amejinyima, akanunua kompyuta kuukuu ya mezani isiyo na Wi-Fi, pamoja na adapta ndogo kama kidole gumba. Mwana aichomeka, asione lolote. Mama adhani fedha zimepotea. Mwana aona amelaumiwa bure. Je, kosa ni la nani? Mara nyingi si la mtu. Ni hatua moja tu iliyorukwa.

Adapta ni redio, kama hiyo mnayoisikiliza, ila yenyewe hupokea na kutuma pia. Basi tufuate hatua moja moja.

Kwanza, kompyuta yahitaji draiva, yaani programu ya kuitambua na kuiendesha adapta. Mara nyingine imo tayari; mara nyingine hupatikana mtandaoni, nasi mtandao hatujaupata! Hapa wengi hukata tamaa. Lakini simu yaweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, ikaigawia mtandao wake. Au mwenzetu atuletee draiva kwa flashi, ile inayolingana na namba ya adapta yetu, kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

Pili, tuwashe Wi-Fi, tuchague jina la ruta, kisha tuandike neno la siri. Tuangalie sana, maana herufi kubwa na ndogo si sawa.

Tatu, penye fumbo. Kompyuta yaweza kuonyesha kwamba imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Kwa kawaida ruta huipa kompyuta anwani ya namba, kama mwenyeji ampavyo mgeni kiti. Tuitazame namba hiyo katika mipangilio. Ikianza kwa 169.254, kompyuta haikupata jibu la ruta, ikajipa kiti yenyewe huko nje. Basi tuchague anwani itolewe na ruta, tuizime ruta na kuiwasha, tujaribu tena. Tutazame na tarehe pia: kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo imekufa hupoteza majira, na kurasa nyingi hukataa kufunguka.

Nne, mahali. Chuma huzuia mawimbi. Adapta iliyochomekwa nyuma, kati ya sanduku la kompyuta na ukuta, husikia kwa shida, afadhali mbele. Na ruta ikiwa mbali, mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta kuliko yale ya 5.

Na je, ruta ikiwa ya jirani? Tubishe hodi, tuombe. Neno la siri lililopatikana kwa hila ni kiti tulichojipa wenyewe. Aliyepewa kwa hisani asiligawe kwa mtaa mzima, wala asimalize bando la mwenziwe kwa filamu. Naye mwenye ruta akumbuke kwamba fomu moja ya chuo hula kidogo sana, na yaweza kufungua mlango wa nyumba nzima.

Ndugu zangu, kabla ya kuitupa adapta, na kabla ya kumkemea mtoto, tuhesabu tena hatua zetu. Haraka haraka haina baraka. Penye kukwama, tumwite anayejua. Kuuliza si aibu.

Hadi tutakapokutana tena, kaeni kwa amani. Kwaherini.